Dawa Iliyolala na Sangara

Daktari alipitisha kidole chini kidogo ya goti langu la kulia, kama fundi anayepima ubao, akasema, "Tutakata hapa."

Kidonda kilikuwa kwenye unyayo. Nikamuuliza kwa nini akate juu kote huko wakati ugonjwa uko chini. Hakukasirika. Alinieleza kwamba sukari yangu iko juu mno, hakuna kidonda kinachoweza kupona kwenye damu ya namna ile, na akikata karibu na kidonda atalazimika kurudi kukata tena. Halafu akasema neno ambalo nililishika kwa mikono miwili: "Nakupa mpaka mwezi ujao, mama. Sukari ikishuka na kidonda kikaanza kufunga pembeni, tunauacha mguu. Isiposhuka, uje na mtu wa kukuuguza."

Nilitoka mle ndani nimeegemea bega la binti yangu.

Mimi ni mchuuzi wa samaki. Nina meza yangu mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inaposhusha samaki, huku upande wa Ilemela, na kazi yenyewe ni ya kusimama. Mtumbwi ukifika unasimama, kuchagua unasimama, kupara unasimama, kubishana na wateja unasimama. Mume wangu alichukuliwa na ziwa binti yetu akiwa bado ananyonya, na tangu hapo hakuna aliyenilisha isipokuwa hii miguu. Mtu akisema anaukata mmoja, maana yake ananiambia nikakae nyumbani ningoje kulishwa na wifi yangu. Na wifi yangu namjua.

Niliishia darasa la nne. Baba alisema pamba haijivuni yenyewe, kule Kisesa, na mimi nikarudi shambani. Kwa hiyo naandika kama ninavyosema, na nitasema kama ilivyokuwa. Wapo watu watatu waliotaka kunila mguu. Majina yao siyaandiki, lakini kazi zao nazitaja, na wenyewe wakisomewa watajijua.

Wa kwanza ni tabibu wa zahanati tuliyokuwa tunatibiwa.

Nilikuwa nimemeza vidonge vya kisukari muda mrefu, vikashindwa. Siku moja akaniambia sasa ni sindano ya insulini, asubuhi na jioni. Akamwonyesha binti yangu jinsi ya kuvuta dawa, akanionyesha mimi pa kuchoma tumboni. Foleni ilikuwa imefika mpaka nje kwenye jua. Akanipa kichupa na maneno haya, na zaidi ya haya hakuongeza kitu: "Hii inakaa kwenye baridi. Ukiiacha kwenye joto inaharibika. Mwingine!"

Sasa niambie wewe unayesoma. Mtu ambaye kazi yake ni barafu, ukimwambia aweke kitu kwenye baridi atakiweka wapi? Friji sina. Lakini baridi ninayo, baridi ndiyo iliyojenga nyumba yangu. Nina deli kubwa, lile sanduku nene la plastiki la kutunzia barafu, na pale mwaloni nilikuwa nasifiwa kwamba samaki wangu hawalainiki. Kazi hiyo inafanywa na chumvi. Unaponda barafu, unatupia chumvi ya mawe, baridi inapata makali mpaka vidole vinauma. Sangara akilala humo, asubuhi ukimgonga analia kama ubao. Basi nikakifunga kile kichupa kwenye nailoni, nikakilaza katikati ya sangara, nikaona nimekitendea heshima kuliko dawa zote za Mwanza.

Asubuhi nilikikuta kigumu kama jiwe. Nikakibana kwapani mpaka kikayeyuka, binti akavuta, nikachoma. Ikawa ndiyo desturi yetu. Hakuna aliyetuambia kwamba insulini ikiganda hata mara moja tu, imekufa, na ikiyeyuka haifufuki.

Sukari haikushuka. Koo lilikauka, mkojo ukawa hauniachi nilale, nikakonda mpaka pete ikawa inaanguka kwenye ndoo ya samaki. Nikarudi kwa tabibu. Mashine ikaandika kwamba sukari imezidi kipimo chake. Akanitazama kama mwizi.

"Mama, dawa huchomi."

"Nachoma, daktari."

"Basi unakula hovyo. Nyie wa mwaloni ugali wenu mnaujua wenyewe."

Watu wa kwenye benchi wakacheka. Akaongeza dozi. Niliporudi akaongeza tena. Kila safari dozi inaongezeka na maneno yanaongezeka. Hakuuliza hata mara moja: mama, hiyo dawa unaiweka wapi? Swali lenyewe halichukui hata muda wa kupiga chafya. Nasikia wapo wanaosema kosa lilikuwa la mwanamke wa samaki asiyesoma. Hapana. Mimi nilifanya nilichoambiwa, tena nilikifanya vizuri kupita kiasi.

Wakati huo huo miguu ikafa ganzi. Mwiba wa sato ulipita kwenye ndala ukaingia kwenye unyayo, na mimi sina habari, naendelea kupara na kupiga soga. Binti ndiye aliyeona.

"Mama, unavuja damu!"

"Wapi?"

"Si hapo chini! Umekanyaga nini?"

Nikautazama mguu wangu kama mguu wa jirani. Haukuniuma. Kidonda kikaanza hivyo, kidogo kama punje ya mtama, kikakaa, kikapanuka, kikaanza kutoa harufu ambayo hata mimi niliyezoea matumbo ya samaki ilinishinda.

Wa pili ni muuza dawa wa stendi ya Buzuruga, yule mwenye spika. Anapanga chupa zake juu ya turubai na kutangaza tangu mabasi ya asubuhi. Kisukari, presha, mgongo, mke kutotulia, vyote dawa yake ni moja. Nilisimama hapo na kidonda changu, akaniona nachechemea, akazima spika aje kunong'ona nami kama ndugu.

"Mama, hii inang'oa kisukari na mzizi wake. Ila sharti, sindano za hospitali uache. Vikikutana humo ndani vinapigana."

Nikaacha sindano. Niliona sina cha kupoteza, maana sindano zenyewe zilikuwa hazifanyi kitu. Chupa ilikuwa nyeusi na nzito. Nilikunywa mpaka binti alipochovya kidole, akalamba, akanitazama.

"Mama, hii mbona tamu? Hii si ina asali?"

Nilikwenda kumwuliza. Alinijibu kupitia spika, stendi nzima isikie, kwamba asali ya nyuki wa porini haihesabiki kuwa sukari. Nikarudi kwenye sindano zangu za barafu, nimeshapoteza nyama ya mguu kwa ajili yake.

Wa tatu ni wifi yangu, dada wa marehemu. Alivuka na kivuko kutoka Sengerema, kasema anakuja kuniuguza. Nilifurahi. Siku za mwanzo alipika na kufua. Siku zilizofuata akaamka kabla yangu akaenda mwaloni. "Nakushikia meza tu, wifi, wateja wasihame." Baada ya muda mfupi wateja walikuwa wanamwita yeye mama sangara. Jioni akirudi anakaa mlangoni, anaunyoosha mguu wake mzima mbele yangu, anaanza.

"Ila wifi na wewe. Kisukari ni ugonjwa wa mabosi. Wewe hata gari la kusukuma huna, umekipatia wapi?"

"Nilikiokota njiani, wifi."

"Mimi nakwambia ni hizo sindano. Kabla ya sindano ulikuwa na kidonda? Hukuwa nacho. Sindano zinaozesha."

Na kule mwaloni alikuwa anawaambia wanawake wenzangu kwamba mwenye meza hatasimama tena, wazoee sura mpya. Nilizipata habari hizo nikiwa nimelala.

Hali yangu ilikuwa hiyo siku daktari aliponionyesha pa kukata. Kwenye korido ya ile hospitali akanifuata dada mmoja kijana, fulana ya bluu, kimkoba begani. Alikuwa wa shirika moja linalosaidia watu wenye kisukari. Halina duka wala dawa ya kuuza, linaishi kwa michango na watu wa kujitolea.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Sina kitu, mwanangu."

"Sijaomba kitu. Wamekuambia nini humo ndani?"

"Wameniambia nilete mguu mwezi ujao waubakize hapa."

Hakucheka, hakunipa pole za bure. Akasema, "Naomba nije kwako asubuhi, mapema kabla hujaamka vizuri. Nikae tu nikuangalie."

"Uniangalie? Mimi nimekuwa sinema?"

"Hatuulizi watu wanatumiaje dawa, mama. Mtu ukimwuliza anakujibu kama anavyofikiri unataka kusikia. Tunakuja tunaangalia."

Nilitaka kumfukuza. Nilikuwa nimeshachoka na watu wanaojua. Binti ndiye aliyemwelekeza nyumbani, akamtajia mpaka rangi ya mlango.

Akaja kweli, jua halijapanda juu ya yale mawe makubwa ya kwetu. Nilimpa kigoda akakaa pembeni, akasema nifanye kama hayupo. Basi nikafanya. Nikanawa uso. Nikafungua deli, nikasukuma sangara mmoja huku na mwingine kule, nikatoa nailoni yangu, nikafungua, nikakibana kichupa kwapani, nikaanza kumwita binti alete bomba la sindano.

Yule dada alikuwa amesimama.

"Mama, hicho umekitoa wapi?"

"Kwenye barafu. Si mlisema baridi?"

"Na kimeganda hivyo leo tu?"

"Kinaganda kila siku. Hii barafu ina chumvi, mwanangu, si barafu ya juisi."

Akaniomba kichupa. Kilipoyeyuka akakiviringisha taratibu katikati ya viganja, akakipeleka mlangoni penye mwanga, akaniita. Nikaona chenga. Vipande vyeupe vinaelea kama maziwa yaliyokatika, vingine vimeganda kwenye kioo, havitaki kuchanganyika.

"Hii dawa imekufa, mama. Ilikufa siku ya kwanza ulipoilaza humo."

"Kwa hiyo siku zote hizi nilikuwa najichoma nini?"

"Karibu na maji."

Nilikaa chini. Nilidhani nitalia, lakini kilichokuja si machozi. Niliwaona wote wakati mmoja, tabibu na benchi lake lililonicheka, na yule wa spika, na kile kidole kilichopita chini ya goti langu. Nikapiga ngumi kwenye deli mpaka kifuniko kikapasuka. Kimepasuka mpaka leo.

Kishindo kile kikamleta wifi, alikuwa anajiandaa kwenda kwenye meza yangu.

"Si nilisema! Si nilisema sindano zitamuua! Na wewe dada, toka na vitu vyako."

Yule dada alifungua kimkoba chake, akatoa sindano yake mwenyewe, akainua fulana kidogo, akachoma tumboni mbele yetu huku anamtazama wifi usoni. Kisha akashusha fulana.

"Mimi nachoma tangu nikiwa mtoto wa shule, mama. Sasa hivi naomba chai, maana nimeshachoma na lazima nile. Nimekufa?"

Wifi akamwangalia juu mpaka chini. "Wewe damu yako nyepesi," akasema, akachukua ndoo akaenda zake. Binti alicheka mpaka chai ikamwagika.

Nikasema basi nipe dawa nzima, nichome hapa hapa. Hapo ndipo yule dada alipokuwa mkali kwa mara ya kwanza. Dozi niliyopangiwa, akasema, ilikuwa dozi ya kupigana na dawa iliyokufa. Tabibu aliipandisha na kuipandisha kwa sababu hakuna kilichokuwa kinatokea. Nikichoma kiasi kile cha dawa iliyo hai, sukari itaanguka ghafla na sitaamka. Maneno yale yalinitia baridi kuliko deli. Kumbe yule tabibu alikuwa amenitegea mitego miwili, wa dawa mfu na wa dawa hai.

Tulikwenda siku ile ile kwa daktari wa shirika. Akaanza upya na dozi ndogo, akasema tutapanda pole pole huku tunapima. Jioni wakaja nyumbani na vyungu viwili, kikubwa na kidogo. Kikubwa wakakitia mchanga, wakaumwagia maji, kidogo kikakaa ndani yake, kichupa kikaingia kwenye kidogo, juu kitambaa kibichi. Nikawauliza hiyo ni baridi gani, mbona haiumi vidole. Yule dada akaniambia nitie mkono. Ilikuwa baridi ile ya chini ya mawe yetu asubuhi, mahali mbuzi wanapopenda kulala. "Insulini haitaki zaidi ya hapo," akasema. Binti akawa anaumwagilia ule mchanga kama bustani.

Siku mashine ilipoandika namba badala ya kulalamika, nilimwambia binti aniandikie ile namba kwa mkaa ukutani, kubwa, wifi aione akirudi. Aliiona. Akauliza ni namba ya simu ya nani.

Shirika lina nyumba ya kupanga mlimani, na kila wiki wanakutana. Wenyewe wanaiita siku ya miguu. Mnakaa kwenye mabenchi mmeelekeana, wote mnavua viatu, na kila mtu anashika mguu wa aliye mbele yake, anaukagua mpaka katikati ya vidole kwa mkono na kwa kioo kidogo, maana mwenye ganzi hawezi kujikagua kwa kuhisi. Mara yangu ya pili nilipangwa na mzee mmoja mstaafu wa reli. Kwetu mwanamke hamshiki mzee miguu hivi hivi. Nikamwamkia, "Shikamoo baba," nikabaki nimeshika kioo.

"Marahaba. Ushike tu, mama. Ila taratibu, huo si sangara."

"Sangara angekuwa na kucha nzuri kuliko hizi, baba."

Chumba kizima kilipasuka kwa kicheko, na mzee mwenyewe ndiye aliyecheka zaidi. Hawakucheka kama lile benchi la zahanati. Pale kila mmoja alikuwa amevua viatu, na kila mmoja alikuwa na jambo lake la aibu mguuni. Zamu yake ilipofika aliuinua mguu wangu wenye kidonda kama mtu anayeshika yai. Akaunusa. Sikuamini, mzee wa watu anaunusa mguu wangu mbele za watu!

"Harufu imepungua kuliko ulipoingia siku ya kwanza," akasema. "Nilikuwa nimekaa kule mwisho na niliisikia."

Fundi viatu wao alinitengenezea kiatu kinene, akakitoboa soli pale pale kidonda kilipo, ili nikitembea kidonda kisiguse kitu. Mwaloni nikakatazwa. Nikalala mguu juu ya mto, mimi niliyekuwa silali mchana hata nikiwa na mimba. Binti akaniosha kidonda kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa na kufunga kitambaa safi kama walivyomfundisha. Ugali hawakuninyima, waliupunguza, wakaongeza mboga. Kila kilichokuwa kinanichosha nilikivumilia kwa sababu nilikuwa naona mwezi unakwisha na nilitaka kuona sura ya yule daktari.

Siku ikafika. Nilikwenda na binti na yule dada wa shirika. Tumekaa kwenye korido, nikamwona wifi anakuja, kanga mpya, amebeba kitu kirefu kimefungwa gazeti. Alipofika akakifungua. Mkongojo.

"Nimeona nikuwahi, wifi. Ukitoka humo utakuwa na maumivu, nani atahangaika na fundi? Nimemwambia apake na vanishi kabisa."

Uling'aa kweli. Ulikuwa umepimwa kwa urefu wangu, sijui alinipima nikiwa nimelala. Yule dada wa shirika akaangalia pembeni, mabega yanamtikisika. Mimi nikasema, "Asante wifi, nishikie," nikaitwa.

Daktari alifungua kitambaa. Akabonyeza, akavuta taa karibu, akabonyeza tena. Akasoma vipimo vya sukari. Nilikuwa naangalia kidole chake tu, kisije kikapanda kuelekea gotini.

"Nani anaosha hiki kidonda?"

"Binti yangu."

"Kinafunga. Pembeni kote hapa kuna nyama mpya." Akanitazama kama aliyenipa pesa kimakosa nikamrudishia. "Mama, ulifanya nini?"

"Niliitoa dawa kwa sangara."

Ilibidi yule dada aingie kumweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani. Akasema, "Nenda nyumbani na mguu wako."

Nikamwomba anifungulie mlango na alirudie hilo neno kwa sauti. Alikuwa mtu mzima mwelewa. Akafungua mlango, akasimama kizingitini, akasema korido yote isikie: "Huyu mama hakatwi."

Binti alipiga kigelegele hospitalini, nesi akamkaripia, akapiga kingine. Wazee waliokuwa wanangoja zamu zao wakapiga makofi bila kujua ni ya nini. Wifi alibaki ameushika mkongojo wake kwa mikono miwili. Sikumpokea. Tulipofika stendi ya Buzuruga nilikuwa natembea mbele na kiatu changu kilichotobolewa, yeye nyuma na mkongojo wenye vanishi, na wapiga debe wakawa wanamwita yeye: "Pole mama! Mpisheni mama mgonjwa!" Muuza dawa mwenye spika naye akamwona, akamwambia ana dawa ya mguu. Nilisimama pale pale nikacheka kwa sauti, na nilicheka mpaka akazima spika.

Kidonda kilichukua muda kufunga kabisa. Kilipofunga nilikwenda zahanati na yule dada, nikiwa na kichupa changu chenye chenga. Nilikiweka juu ya meza ya tabibu.

"Nilimwambia aweke kwenye baridi," akamwambia yule dada, kana kwamba mimi sipo.

"Ulisema baridi," nikamwambia mimi. "Kugandisha ulikunyamazia. Na ukaniita mwongo mbele za watu."

Hakuomba radhi. Lakini shirika lilichora picha kubwa, samaki na barafu na kichupa katikati, na mstari mwekundu wa kukataza juu yake, likaomba kibali likaibandika ukutani mlangoni kwake. Anapita chini yake kila asubuhi. Mimi hiyo inanitosha.

Nilirudi mwaloni kwa miguu miwili, na viatu vya kufunika vidole. Wifi alikuwa kwenye meza. Sikugombana. Nilipanga samaki wangu juu ya samaki wake mpaka akakosa pa kuweka kisu, na wanawake wenzangu wakaanza kuimba ule wimbo tunaomwimbia bibi harusi. Jioni alivuka kurudi Sengerema.

Wiki hiyo hiyo watu wa shirika walikuja pale mwaloni kupima watu sukari. Wakaniomba niseme. Nikapanda juu ya kreti, nikasema yote, chumvi, deli, kwapani, chenga. Wavuvi wakacheka sana. Aliyecheka kuliko wote alikuwa mwenye mtumbwi mmoja, bonge la mtu, sauti kama injini yake.

"Yaani mama ulimpa sangara sindano! Ndiyo maana sangara wako walikuwa hawana mafuta!"

Nikamwacha acheke. Nikasema, "Kama yupo mwenye dawa ya sukari kwenye barafu hivi sasa, ailete niione."

Kicheko kikakatika. Halafu yule yule bonge akajikohoza, akaenda kwenye deli la mtumbwi wake, akaingiza mkono mpaka begani chini ya samaki, akarudi na kitu kimefungwa kwenye nailoni. Hakuniangalia usoni. Alikuwa amekonda shingo, sasa niliiona, shati lilikuwa linamficha.

"Mimi nilijua nimelogwa," akasema kwa sauti ndogo. "Nachoma, sipati nafuu. Na juzi mguu…"

"Hujalogwa. Umegandisha. Vua kiatu."

Akavua. Nikainama nikaushika mguu wake hapo hapo mbele ya mitumbwi, nikautazama mpaka katikati ya vidole. Kidonda kilikuwa kidogo, bado chekundu, bado kina muda.

"Ile dozi waliyokupandishia usiichome kwa dawa mpya," nikamwambia. "Kwanza kwa daktari. Twende sasa hivi."

"Sasa hivi? Na samaki wangu?"

"Samaki wana barafu."

Akavaa kiatu. Njia ya kwenda kwenye nyumba ya shirika inapanda katikati ya mawe na ina mwinuko mkali, na alikuwa anahema nyuma yangu, ananiomba nipunguze mwendo. Sikupunguza.